Chumvi

Daftari letu la nyumbani lina picha ya twiga
na doa la mafuta ya alizeti kwenye ukurasa wa Machi.
Naliandika mimi. Chilewa huchomelea mageti,
hurudi na macho mekundu na noti zenye masizi,
huziweka mezani, hunawa, haulizi.

Unga kilo kumi. Luku elfu tano.
Mchango wa mlinzi wa shule. Daftari la Nyemo.
Hisa mbili za kikoba, maana Jumatano ikifika
mweka hazina hana masikio.
Dawa ya presha ya mama mkwe, Mvumi.
Chumvi.
Maji madumu sita, bomba limekauka tangu Alhamisi.
Chumvi.

Nyumba ya watu wanne haili chumvi hivyo.
Hata ng'ombe wa Chamwino hawalambi hivyo.

Nilianza mwaka jana, mia tano mia tano,
nikaziita chumvi kwa sababu hakuna mwanamume
anayehesabu chumvi.
Zikawa viatu vya mtumba, Sabasaba,
kulia thelathini na tisa, kushoto arobaini.
Muuzaji akaapa ni jozi moja.
Nikavaa soksi mbili kushoto, yakaisha.

Saa kumi na moja alfajiri Miyuji ni mbwa na upepo.
Upepo wa Dodoma haumsukumi mtu, unamdai.
Natoka na kanga juu ya suruali
mpaka nivuke nyumba ya mzee wa kanisa,
kisha naifunga kiunoni, nashika barabara ya Kondoa.
Nahesabu nguzo za umeme kama siku za mwezi:
za mwanzo hukimbia zenyewe,
za kati zina kilima,
za mwisho unakopa pumzi ya kesho.

Mama wa vitumbua huuliza, Sechelela, nani kafa?
Hakuna, nawahi tu.
Nawahi nini, sijui kumwambia
mtu anayegeuza vitumbua.

Nina miaka arobaini na moja.
Shuleni Hombolo nilikuwa wa kwanza mita elfu tatu, peku,
zawadi ikawa sahani ya bati.
Ingalipo. Kuku huinywea maji.

Mwezi wa sita zikatangazwa mbio,
kilomita ishirini na moja, kiingilio elfu thelathini.
Chumvi yangu: elfu thelathini na mia nne.
Nilikuwa tajiri siku mbili.
Ya tatu ikaja simu ya Mvumi, mama mkwe kalazwa.
Sikulia. Niliandika: Nauli. Kitanda. Dripu.
Nina mwandiko mzuri sana kwenye shida.
Salio: mia nne.

Aliporuhusiwa, akitembea mwenyewe,
tulichinja mmoja wa wale kuku.
Usiku ule nikafungua daftari nifunge mwezi,
nikakuta chini ya salio mstari usio wangu,
herufi nene, zimelala kama nondo:
Chumvi, 2,000.
Na wiki iliyofuata:
Chumvi, 1,500. Mwenye geti hajamaliza kulipa.

Hatukusema kitu.
Mbio zilipita, namba walivaa wengine.
Ishirini na moja yangu niliikimbia Jumanne,
mpaka kwenye mizabibu, mbele ya Veyula, na kurudi,
bila saa, bila maji ila ya kisima cha mtu.
Nikafika jua limepanda, mtoto ameshaenda shule.
Chilewa alikuwa uani, hajaondoka,
miwani ya kuchomelea juu ya paji.
Akaninyooshea kikombe cha uji.
Akatazama mgongo wa blauzi yangu,
jasho limekauka, limeacha ramani nyeupe.
Akaigusa kwa kidole, akaonja.

Imekolea, akasema.
Akachukua baiskeli akaenda kazini.

Jioni nikipika mlenda nikainua kopo, jepesi.
Chumvi ya kweli ilikwisha tangu Jumapili,
nami nilisahau kuiandika.