Mzunguko wa Tatu

Mji wetu mdogo: ukitaka kilomita ishirini na saba
sharti uuzunguke mara tatu,
"kama punda wa kinu," alisema Merv wa posta,
naye hata mvua haijawahi kumkimbiza.

Natoka saa kumi na moja. Baridi ya Julai imekaza,
majani yamevaa chumvi ya jalidi.
Maghala ya ngano yamesimama gizani,
marefu, meupe, hayana la kusema.
Mikalitusi inabambuka magome
nami nabambuka usingizi, hatua kwa hatua.
Mzunguko wa kwanza ni wangu peke yangu,
wangu na wa kangaruu watatu uwanjani pa kriketi
walioinua masikio, wakanipima,
wakarudi kula.

Wa pili, mji unapiga mwayo.
Taa ya mwoka mikate; harufu inanishika shati.
Lango la shule. Bwawa la kuogelea, limefungwa hadi Novemba.
Kisha mbwa wa akina Schirmer
ananisindikiza hadi mwisho wa ua wake
kwa matusi yote anayoyajua.
Bi Beryl Pascoe yuko barazani na gauni la kulalia:
"Bado hujafika tu, Ewen?"
Namjibu kwa mkono. Pumzi niliyonayo ni ya miguu.

Kichomi kinanidunga chini ya mbavu pale kwenye reli.
Treni haijapita tangu nikiwa darasa la nne,
lakini bado natazama kushoto, natazama kulia,
maana baba alinifundisha hivyo
na baba hakupenda kurudia neno.

Yuko pale ng'ambo, makaburini,
safu ya pili kutoka kwenye bomba.
Mzunguko wa kwanza nilipita nikiangalia saa.
Wa pili niliinama kufunga kamba ya kiatu.
Kamba ilikuwa imefungwa.

Sasa ni wa tatu. Goti la kushoto linateta na la kulia,
lengelenge limepasuka, soksi imenata,
na visingizio vimeniishia.
Nasimama. Nazima saa.
Bomba linatoa kutu kwanza, halafu maji.
Nakunywa kwa viganja; yaliyobaki
nayamwagia maua ya plastiki, yasiyonihitaji.

"Ulisema anayekimbia bila kufukuzwa ana deni mahali,"
namwambia. "Basi nimekuja kupunguza."
Upepo unaleta harufu ya kondoo kutoka mashambani.
Hakuna kingine. Sikutarajia kingine.

Kilomita mbili za mwisho nazitembea,
nikichechemea katikati ya barabara kuu
kama mlevi aliyesahauliwa na usiku.
Merv anafagia mbele ya posta, anaegemea ufagio:
"Punda! Umemaliza kusaga?"

Bado, nasema.
Ila unga kidogo umetoka.