Kamba wa Maji Baridi

Kwenye fomu ya mkopo Bwana Chengula aliandika:
"Ufugaji wa kamba wa maji baridi, Igowole."
Akacheka, akagonga muhuri.
"Baridi mnayo ya kugawa. Mko nusu ya safari."

Hakujua, na sisi hatukujua,
kwamba maji baridi ni jina tu
la maji yasiyoonja chumvi,
na huyu mdudu wa buluu, mwenye wekundu kwenye gando,
kwao ni mito ya joto,
mahali watu hulala bila shuka.

Luvanda aliwatoa Tunduma, hamsini na wawili,
ndani ya ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari.
Juni ikaingia.
Asubuhi moja sakitu ilikaa juu ya chai
nyeupe, kama ile chumvi iliyokosekana,
na kipimajoto kikasoma tisa.
Tukaokota chali thelathini na mmoja.
Mama mkwe akatazama ndoo, akafunga kanga yake vizuri:
"Mmewaua kwa jina."

Tukaanza upya, bila kusemezana sana.
Mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, nailoni juu yake,
pipa lililokatwa likawa jiko la maranda,
bomba linapita motoni, linarudi bwawani.
Tangu hapo naamka saa nane za usiku
kama mwenye kichanga,
mimi ambaye kitinda mimba wangu anaota ndevu Makambako.
Nachochea. Nasoma namba. Ishirini na nne. Narudi kulala
na harufu ya msindano kwenye nywele.

Usiku mmoja tochi ilimkuta mmoja anajivua gamba
(gamba la kweli, si lile la majukwaani).
Alijipasua mgongoni akatoka mzima,
na macho, na masharubu, na kila kidole,
akaliacha koti lake limesimama kando yake kama mtu.
Alikuwa laini kama ulimi.
Wenzake wakaanza kusogea.
Kwao udhaifu una harufu.
Nikamsukumia kipande cha bomba, akaingia kinyumenyume,
nami nikakaa hadi jogoo, sijui nikilinda nini.

Agosti mmoja alitoroka kupitia tundu la kutolea maji.
Luvanda hakula. Alifuata mfereji kwa magoti
akiwaza mtoni, mayai ya samaki, na magando yale.
Kulipopambazuka tulimkuta hatua kumi tu kutoka mlangoni,
mkavu, sakitu imempaka mgongo.
Nilimwonea huruma.
Kisha nikaona: baridi hii inayonila maranda
ndiyo ukuta wa mto wetu.
Sijawahi kuishukuru kabla ya hapo,
na hata siku ile niliishukuru nusu.

Jana Bwana Chengula alikuja kuhusu marejesho.
Miwani yake ilijaa ukungu mlangoni.
Akavua koti. Akavua sweta. Akabaki na shati,
mdogo kuliko nilivyomzoea,
akachovya mkono bwawani, akautoa haraka.
"Mama, mbona yana joto?
Huku si ni kwa maji baridi?"

Nilimpa kigoda.
Luvanda alikuwa nje anashusha maranda,
magunia sita, na tulilipia nane.