Kazi Moja

Nilipobatizwa mara ya kwanza sikuulizwa.
Padri aliniwekea chumvi ulimini, nikalia,
na mama akasema nimelia vizuri.
Odila, wakaandika, katika daftari la parokia ya Kenya,
kati ya pacha wawili na mtoto wa polisi.

Mara ya pili niliitwa kwa kipaza sauti.
Mchungaji alihubiri Jumamosi, Jumapili tukashuka Kafubu,
watu mia na kumi na wawili, foleni, nguo nyeupe za kukopa.
Akanizamisha, nikakohoa, akaniita dada.
Aliyenifuata alipoteza kandambili moja mtoni
na kanisa zima likaimba huku likiitafuta.

Binamu yangu Mwenze alisilimu Kamalondo:
maneno machache mbele ya mashahidi,
na chai aliyomiminiwa ilikuwa bado ya moto.
Sisemi njia yake ni nyepesi. Alfajiri ya Juni
baridi ya Katanga inauma mfupa,
nami nimemsikia akinawa miguu kwa maji ya pipa.
Nasema tu kwamba mlango ulikuwa wazi,
na ndani mtu alikuwa akisema: karibu, mbona umechelewa?

Mimi nilikwenda kubisha kwa mzee Tarika
(jina ambalo, Mwenze anasema, kwao ni njia).
Babu yake alikuja kwa meli na treni kutoka kisiwa cha Rodo
kuwauzia vitambaa wachimba shaba.
Nilikuwa nimemfulia mashuka miaka tisa.
Nikamwambia: nataka kuwa wa kwenu.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.
"Odila, sisi wenyewe hatutimii kumi wa kusali. Rudi nyumbani."

Nikarudi nyumbani. Nikarudi kwake.

Rabi, ambaye huja kwa ndege mara mbili kwa mwaka,
hakuniuliza dhambi zangu. Aliniuliza kama nina homa.
"Kwa nini ujitwike amri mia sita na kumi na tatu
wakati saba zinakutosha? Mungu hana neno nawe.
Usiue, usiibe, usimtukane. Nenda kwa amani."

Hapo ndipo nilipoumia.
Kote nilikopita waliniita kwa sababu nje kuna moto.
Huyu alisema nje ni salama,
na kwamba walio ndani wamechukiwa, wamehesabiwa,
wamepakiwa melini mpaka kisiwa kikabaki na paka.

Nilifikiri siku nyingi, pasi mkononi.
Si kila binti huolewa kwa kukimbia njaa ya kwao.
Wengine kwao wameshiba, na bado wanabeba sanduku.

Basi nasoma. Mwaka wa nne sasa.
Herufi zinakwenda kinyumenyume, kama mtu anayemuaga chifu.
Nyama na maziwa vimenuniana jikoni mwangu.
Wadogo zangu wanauliza kama Wayahudi wanakula bukari.
Mimi ninakula, nawajibu, na hawajui kama nimejibu.
Majini bado sijaingia: waamuzi wanatakiwa watatu,
na tiketi za ndege hazilipwi kwa sabuni.

Lakini sheria moja ilinichoma kuliko zote.
Aliye njiani asiishike Sabato nzima, ina wenyewe.
Kila wiki lazima avunje kitu kimoja kwa makusudi,
aandike neno, awashe kitu,
akumbuke kwamba bado yuko kizingitini.
Nilikuwa naandika jina langu, nikilia kidogo.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika Katuba nzima.
Mishumaa yangu miwili ilikuwa imewaka tangu kabla ya machweo.
Giza likaja, barabara ikawasha yake, dirisha kwa dirisha,
usingejua nani anasali na nani anatafuta sahani.
Mama Kashala akabisha, mjukuu mgongoni, mshumaa baridi mkononi:
"Jirani, kiberiti changu kimelowa."

Nikachukua changu. Nikapiga.
Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya Sabato ile,
na sikulia. Alisema asante,
akaenda na moto wake, akiukinga kwa kiganja,
polepole, kwa sababu ya upepo.