Zamu

Seva yetu ni moja. Imekaa stoo, juu ya kreti la soda,
feni inakoroma. Julai hii ya Uyole
inayong'ata masikio hadi saa nne,
kila mtu hupita stoo kukagua waya
ambazo hazina tatizo lolote.

Mshika zamu ni mimi.
Bupe na hesabu za maziwa ya ushirika,
Ambakisye na zahanati zake,
halafu Gwakisa: mchezo wa bao, mteja hana,
majaribio elfu nne anayo,
na yote huyamwaga asubuhi, seva ikatuna,
sisi tukabaki kutazama foleni
kama watu wanaonusa ugali wa jirani.

Jumanne Bupe alikuta senti zinapotea.
Kila lita, senti. Mistari saba tu ya kurekebisha.
Malipo yanatoka saa sita;
mbele yake bao, dakika tisini bado.
Hakusema kitu. Alisimama mlangoni na kikombe kitupu.

Nikaikata kazi ya Gwakisa. Ilikuwa imefika asilimia arobaini na tatu.

Mama alikuwa na mashine ya kusaga, Inyala.
Mwenye sado moja, mtoto anaumwa, uji unasubiriwa:
pita.
Mwenye magunia kumi: rudi jioni. Na jioni
hakumdanganya, aliwasha taa akamsagia
hadi pumba ya mwisho.
Hilo la jioni ndilo nililokuwa nimelisahau.

Basi karatasi, gundi, mlango wa stoo:
Kisichobadilika kisijengwe upya.
Kidogo kipite kwanza.
Kikubwa kina usiku, na usiku wote ni wake.

Gwakisa aliisoma, kofia kaivuta hadi nyusi.
Siku mbili salamu zake zilipitia kwa Ambakisye.
Ya tatu, saa mbili usiku,
elfu nne yakaingia foleni.

Leo Sekela, mlinzi wa usiku, amenidaka getini.
Kiti chake alishakihamishia ukutani mwa stoo.
"Jana ukuta ulipoa saa tisa," kasema.
"Kwani kazi ziliisha?"

Nikampelekea Gwakisa swali hilo kama lilivyo.
Hakujibu. Alivuta kibodi.

Usiku huu naitazama foleni yake:
majaribio elfu sita.