Baada ya Mechi Nne

Mechi nne zimepita, na leo mashine ya kusaga imezimwa,
ndiyo maana naweza kufikiri.
Nyuma ya mashine, hapa Soweto, ndicho chumba changu cha gemu:
runinga mbili, padi nne, moja kitufe chake kimekwama,
vumbi la sembe juu ya kila kitu, hata kope zangu.
Jero kwa nusu saa. Ukifungwa, unampisha mwenzako.

Ligi yetu yote nimeiingiza mle ndani kwa mkono wangu.
Sura niliazima zilizokuwemo:
Gwamaka amevaa pua ya mtu asiyemjua,
Andondile ana nywele ambazo mama yake angezinyoa siku hiyohiyo.
Lakini namba ni zao. Kasi, ribaundi, mtupo wa mbali,
nimezihesabu mwenyewe kando ya saruji ya uwanja wa shule,
asubuhi za Juni, daftari gotini, kalamu imeganda
mpaka niipulizie pumzi kama kaa la moto.

Sasa napandisha, nashusha.
Gwamaka, muosha malori wa Mbalizi,
mwaka jana benchi lilishachukua umbo lake.
Mwaka huu: pointi kumi na nane, ishirini na mbili, kumi na tisa, thelathini.
Watoto wananipigia kelele, mpe tisini!
Nampa sabini na nane.
Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema watu wa kwingine;
huku mawingu yanashuka kutoka Loleza, yanalala uani,
yanalowesha nguo kwenye kamba, kisha yanaondoka zao
bila kutuachia hata ndoo moja.
Mechi nne ni wingu.

Ila kama ni wingu kwa Gwamaka
ni wingu pia kwa Asajile,
na hapo kidole kinasita.
Themanini na nane, nahodha. Mitupo ishirini na mmoja ya mbali,
minne imeingia.
Kuna kisanduku cha nguvu, kisanduku cha kuruka,
kuna hata kisanduku cha namna ya kushangilia.
Hakuna kisanduku cha mtoto aliyelazwa wiki ya tatu,
cha baba anayelala kwenye korido ya hospitali
na kuja uwanjani benchi limemwandika shavuni.
Nashusha. Themanini na moja.
Napandisha. Themanini na tatu.
Nakunywa chai. Themanini na moja.

Mimi pia nimo, ukitafuta chini kabisa ya orodha:
Ambakisye, sitini na nne, goti la kushoto.
Misimu mitatu namba yangu haijatikisika.
Asiyetupa hakosi.

Saa kumi na moja akaingia yeye, koti la mtumba mpaka kidevuni,
akaweka jero mezani kama mteja.
Sikumuuliza ya hospitali. Alisema mwenyewe, "Leo amekunywa uji."
Akajichagua.
Akazisoma namba zake polepole,
kama mtu aliye mbele ya matokeo ya mtihani
akitafuta jina la mdogo wake.
Nikajifanya nafuta vumbi.

"Themanini na moja," akasema. "Sawa."
Kwenye runinga mtu mwenye jina lake
alikuwa anadunda mpira palepale, hachoki, hana mtoto.
"Ila mitupo huru umeniandika sitini na mbili.
Nimepata kumi na miwili kwa ishirini. Nilihesabu.
Hizo mbili ni za nini?"

Nikasema kompyuta nazo hukosea.
Akacheka kwa pua, akaokota padi ile yenye kitufe kibovu.
"Zitoe. Nitazifuata mwenyewe Jumamosi."

Nikazitoa mbele yake, moja, na nyingine.
Halafu tukacheza mpaka umeme ukakatika,
naye alikuwa mbele kwa pointi tatu, au nne.
Sikuandika.