Kiyoyozi cha Ione

Kinaguna juu ya paa,
kinaguna kama mtu aliyeitwa usingizini,
jenereta inainama, sauti inazama,
taa zinafifia, kisha
tak.
Swichi imeanguka. Mara ya nne tangu saa sita.

Mwisho wa Aprili, Quartzsite, changarawe ya Arizona.
Waliokimbia theluji wamekwisha kurudi kwao.
Ione Thackery amevua saa, chuma chake kinaunguza.
Mbwa amejibwaga sakafuni, chooni, ulimi nje.

"Wati elfu tatu," anaiambia jenereta,
"umeandikwa ubavuni wati elfu tatu.
Nani alikufundisha uongo?"

Anaipunguzia mizigo. Jokofu, hamia kwenye gesi.
Hita ya maji, nani anaoga moto leo?
Chaja, pumzika.
Kitufe cha kubana mafuta, kile chenye jani la kijani,
anakizima; injini inanguruma mbio kamili,
feni inazunguka, vizuri, vizuri,
halafu kompresa inaombwa kuamka:
guuu.
Tak.

"Nunua kubwa zaidi," asema Lindqvist, jirani pekee aliyebaki,
kisha anarudi kwenye ubaridi wake na kufunga mlango.

Thurlow angeipiga teke.
Miaka kumi na miwili aliipiga teke, nayo ikamtii.
Ione alijaribu Jumanne. Kidole bado kimevimba.

Basi anazima kila kitu, anachomoa waya,
anapanda ngazi na bisibisi mdomoni,
taulo bichi chini ya magoti, maana paa ni kikaango.
Chini ya kifuniko: majani makavu, kiota cha nyigu waliohama,
na kapasita, kopo dogo la fedha,
kichwa kimevimba kama mkebe wa maharage yaliyooza.

Kumbe ni wewe.
Wewe ambaye hasa unasubiriwa kwa msukumo mmoja,
ule wa kwanza, mzito,
wengine wapate kwenda.

Dola ishirini na mbili, duka la vipuri.
Anafunga nyaya kwa rangi, kahawia, nyeupe,
anashuka, anawasha, anashika ukingo wa meza.
Jenereta inainama,
inainama,
inainuka.

Hewa inashuka baridi, na ndani yake vumbi,
na ndani ya vumbi harufu ya tumbaku ya Thurlow,
aliyeapa hadi mwisho kwamba havuti ndani.
"Mwongo," asema Ione,
na hazimi.