Spika ya Kukodi

Spika hii ilipasuka koo mwaka wa mafuriko.
Nikaiziba kwa gundi ya viatu na kipande cha kanga ya mke wangu,
pale penye neno moja la jina: SIMLAUMU.
Besi ikipanda, neno linatetemeka.

Elfu ishirini kwa usiku, jenereta juu yako.
Alhamisi zawiyani. Ijumaa mkesha, kanisa la turubai.
Jumamosi kigodoro, uchochoro umefungwa kwa viti vya plastiki.
Mburahati nzima inanijua: Kibwana Pazi, fundi.
Waya haujawahi kuniuliza kama nimetawadha.

Sikudhani, binti wa dada yangu, mchana anauza barafu za ubuyu.
Usiku anashika maiki.
Kijana wa kompyuta alikaza mwendo hadi vikombe vikahama mezani,
naye akawataja waliomtunza, kama desturi,
Chuma wa bodaboda, Mama Tausi wa chapati,
halafu, bila kuvuta pumzi:

*mama kajifungua kwa tochi ya simu,*
*tochi ya simu, chaji asilimia nane,*
*nesi kang'ata uzi kwa meno,*
*nani kazima taa? nani kazima taa?*

Walicheka kwanza.
Mzunguko wa tatu miguu bado inaruka
lakini midomo imeacha kucheka.
Mimi nimeinamia mikisa.
Simu ile ilikuwa yangu.
Mwanangu yupo, anatembea, anavunja vitu.
Wa jirani hatumtaji.

Khalifa Mwinyikondo singeli haitaki kabisa,
anaiita kelele za nyuki waliochomwa moto.
Alhamisi duara limesimama, viganja vimeshikana,
Jina linatoka kifuani, si kinywani,
hu, hu, kama watu arobaini wanaopuliza jiko moja
lenye kuni mbichi.
Ikafika dua. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri,
akanyamaza mpaka nikadhani waya umekatika.
"Na wanaozaliwa gizani, ya Rabbi.
Na sisi tulioliona giza tukaenda kulala."
Amina ile ilipandisha taa nyekundu ya mikisa.
Sikupunguza.

Kanisani wimbo ulikuwa umeshaibiwa,
au umeokoka, sijui waseme vipi.
Mama Nakijwa na tambarini yake, polepole: nani kazima taa?
Na kwaya: ni sisi, Bwana, ni sisi.
Mstari huo Sikudhani hakuutunga.
Jumamosi aliubeba, akaurudisha mbio.

Jumatatu wanawake wakaenda ofisi ya kata.
Bango hakuna. Spika hakuna, ilikuwa kwangu, imezimwa,
na bado niliwasikia kutoka mtaa wa pili:
vifua vinavuta kwa pumzi ya zikri,
visigino vinadunda kwa mwendo wa kigodoro,
na mmoja, sijui nani, kila baada ya muda, haleluya.

"Kiongozi wenu nani?" mtendaji akauliza.
Vumbi tu ndilo lililojibu.
"Hii ni siasa au ni ibada?"
"Ni uzazi," akasema dada yangu Siwema,
akaketi kwenye kiti cha mgeni.

Taa ziliwaka wiki ya tano.
Jumanne iliyofuata, saa nne usiku, luku ikaisha,
na mtu yuko kitandani, anasukuma.
Kopo la Sikudhani likazunguka, kofia ya khalifa ikazunguka,
Mama Nakijwa akafungua pindo la kanga.
Umeme ukanunuliwa, tarakimu ishirini zikaingia kwenye simu yangu,
na simu ya nesi, ng'ambo ya ukuta, imekufa chaji.

Nikawasha jenereta. Nikaigeuza spika, ikatazama zahanati.
Sita, nikasema.
Sita, mtaa ukaitikia.
Moja. Moja. Nane.
Kiraka kinatetemeka,
mtoto wa watu yuko njiani,
na zimebaki kumi na sita.